Nyumba ya Kocha Boykin Inauzwa

Jumapili asubuhi Loretha Boykin alifungua pazia la sebuleni akakuta kibao kimechomekwa katikati ya majani, hatua chache kutoka ngazi za baraza. Kilikuwa chekundu, maandishi meupe: NYUMBA INAUZWA.

Alitoka pekupeku na gauni lake la kulalia. Umande wa Novemba ulimchoma nyayo. Alikishika kibao kwa mikono miwili akakitikisa kama anang'oa muhogo, na kilipotoka alikigeuza maandishi yaangalie tumbo lake, wapita njia wasiyasome. Ng'ambo ya barabara Bwana Hatcher, mzee wa Kizungu aliyestaafu posta, alikuwa ameinama kuokota gazeti lake, na aliinama muda mrefu kuliko gazeti lilivyohitaji.

"Vijana tu hao, Bi Boykin," alisema hatimaye.

"Vijana hawaamki mapema hivi, Bwana Hatcher."

"Lakini jana kweli mlituumiza."

Mlituumiza, kana kwamba na yeye Loretha alikuwa amevaa kofia ngumu akashindwa kumwangusha mtu. Aliingia ndani na mzigo wake.

Katika mji ule wa Calloway Ferry, na Alabama nzima kwa jumla, kila mtu anajua kibao cha namna hiyo hakiwekwi na dalali. Timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani ikifungwa vibaya, mashabiki huiba vibao vya madalali wakaenda kuvichomeka nyumbani kwa kocha. Hakamatwi mtu. Ni mzaha, wanasema, na mwenye nyumba anatakiwa acheke. Kwa haki kibao kile kilikuwa cha Tyrell Gaskin, kocha mkuu, yule waliyemwita Radi enzi zake za kukimbia na mpira kwapani huku wanaume watatu wakimning'inia mgongoni. Ila Radi alikaa nyuma ya geti lenye askari. Kocha wake msaidizi wa safu ya ulinzi, Cleophus Boykin, mumewe Loretha, alikaa Mtaa wa Sycamore kwenye nyumba isiyo na ua wala mbwa. Basi vibao vya Radi vikawa vinamjia Cleo.

Kukitupa kwenye pipa la taka hakukuwezekana. Angepita mtu akakipiga picha, na kufikia jioni picha ingekuwa imeenea mpaka mji wa Mobile. Loretha alikisukuma nyuma ya mashine ya kufulia, ambako vingine viwili vilikuwa vikikisubiri.

"Unaficha nini, binti?"

Mama Eula, mamake Cleo, alikuwa amesimama mlangoni na kofia yake ya kanisani kichwani, soksi moja mguuni.

"Ubao tu, Mama. Njoo unywe chai."

Huyu bibi ndiye aliyekuwa hofu yake yote. Miaka miwili nyuma walihama kutoka Georgia, kama makocha wanavyohama, timu ikifungwa ukoo mzima unafungashwa. Siku ya tatu katika nyumba hii Mama Eula alitoka kutafuta choo cha nyumba ya zamani, wakamkuta maili nne mbali, kando ya reli, na kiatu kimoja. Daktari alisema wazi: akili yake inashikilia kuta alizozizoea, mkimhamisha tena msitarajie airudishe. Iliwachukua mwaka mzima. Loretha alipaka mlango wa choo rangi ya bluu, na kila asubuhi alimshika mkono: bluu, Mama, bluu ndiyo choo. Siku bibi alipokwenda mwenyewe na kurudi mwenyewe, Loretha alilia jikoni.

Siku hiyohiyo alifanya jambo ambalo mke wa kocha halifanyi. Wake wa makocha huyakunja maboksi ya kuhamia wakayaweka chini ya kitanda, maana hujui lini. Loretha aliyatoa yote akayapeleka kanisani. Alitaka Mungu aone kwamba yeye safari zimemwisha.

*

Jumatano alikwenda saluni kwa Ouida kutengenezwa nywele. Alikaa chini ya drai, ile mashine ya kukaushia nywele, na wanawake, wakidhani hasikii, wakaendelea na lao.

"Mimi kwa macho yangu nilimwona Radi akikimbia yadi tisini na kiatu kimoja. Huyo hashindwi na kitu."

"Kukimbia alikimbia. Nani alimwona akimfundisha mtu kukimbia?"

"Mcheza kwao hutunzwa, shoga."

"Ametunzwa ya kutosha. Sasa na acheze."

"Wamemzoesha matangazo ya televisheni ya kuku wa kukaanga. Kuku hana timu pinzani."

Walicheka. Kisha mmoja akamgusa mwenzake kiwiko, na saluni ikapoa. Ouida alikohoa, akaja kumwinulia Loretha drai.

"Wameshinda mechi tatu, wamefungwa nane," alisema kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa habari zake. "Samahani, mpenzi. Mmeshafikiria mtakwenda wapi?"

"Hatwendi popote," Loretha alisema.

Ouida alimpigapiga bega. Loretha angependelea kutukanwa kuliko kupigwapigwa bega vile.

*

Alhamisi Radi alikuja kula. Alileta maua, akamkumbatia Mama Eula, naye bibi akamwita Roscoe, jina la kaka yake aliyekufa zamani.

"Ndiyo, Eula," Radi alisema bila kusita. "Nimekuja. Umeniwekea kambare?"

"Nimekuwekea. Futa miguu."

Radi akafuta miguu. Loretha alimpenda kwa hilo, na kupenda kwenyewe kukamwongezea hofu. Ni rahisi kumtetea mtu mzuri, lakini watu wazuri aliwaona wengi wakifungashwa virago.

Walikula kambare wa kukaanga, mkate wa mahindi na mboga. Radi alikuwa mkubwa hata kiti kililalamika, na pete ya ubingwa kidoleni iligonga glasi kila alipokunywa. Alipomaliza aliisukuma sahani.

"Rais wa chuo aliniita jana," alisema. "Jumamosi tukifungwa tunaondoka wote. Mimi, wewe kaka, mpaka anayejaza chupa za maji."

Loretha alikuwa ameshika bakuli. Alilishusha mezani polepole. "Wewe utarudi kwenye televisheni."

"Kweli, shemeji. Ndiyo maana naona haya kukaa mezani kwako." Alimgeukia Cleo. "Niambie bila kunificha, kaka. Nimekosa nini? Mchezo naujua. Nikilala nauota. Vijana wananipenda. Mbona hatushindi?"

Cleo alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mabega ya kuinama na macho mekundu ya kutazama mikanda ya mechi. Alitafuna, akameza.

"Una huruma," alisema.

"Huruma ni kosa?"

"Kwa saa tatu, ndiyo. Wiki iliyopita yule mtoto alikwambia mama yake amelazwa, ukakaa naye kwenye benchi dakika tano nzima. Huku nyuma wakatupita mara mbili. Ulipokuwa unacheza ulikuwa na mtu mmoja tu, aliye mbele yako. Kocha hana mtu. Hana mke, hana mama, mpaka filimbi ya mwisho. Ikishalia, lia na umtakaye."

Kisha akasimulia hadithi yake ya Mzee Stallworth, kocha wake wa zamani, ambayo Loretha alikuwa ameisikia kila mwaka wa ndoa yao. Katika robo ya pili ya mechi Mzee Stallworth aliletewa habari kwamba babake Cleo ameanguka kiwandani na amekufa. Alikunja karatasi akaitia mfukoni. Cleo alicheza mpaka mwisho, wakashinda, ndipo akaambiwa.

"Na hukumchukia?" Radi aliuliza.

"Nilimshukuru. Mzee wangu angekuwa amekufa vilevile, na sisi tungekuwa tumefungwa."

Radi aliizungusha pete yake kidoleni. "Sidhani ningeweza," alisema.

"Ndiyo tofauti," Cleo akamjibu, akaomba mboga tena.

*

Jumamosi mechi ilikuwa saa saba mchana. Loretha hakutaka kwenda, lakini kiti cha mke wa kocha kikiwa kitupu, uwanja mzima unasema keshaanza kufungasha. Bi Tressie wa kanisani alikuja kukaa na Mama Eula, mkoba wake umejaa uzi na sindano za kufumia.

"Mlango wa mbele nimeufunga kwa komeo la juu," Loretha alimwambia. "Akitaka choo, mwambie bluu. Asitoke nje."

"Mtoto, nimelea tisa. Nenda."

Watu elfu sitini walikuwa wamejaa uwanjani, na kila aliyebaki alikuwa mbele ya televisheni. Loretha alikaa kwenye safu ya wake wa makocha, mikono mapajani, akitabasamu kama alivyofundishwa na wenzake. Mtu nyuma yake alikuwa akipiga kelele tangu mwanzo: "Boykin, nenda kafungue duka!" Hakugeuka. Timu yao ilifunga, wakafungwa, wakafunga. Walikuwa mbele kwa pointi tatu, karibu na mapumziko, simu ilipotikisika.

"Loretha." Sauti ya Bi Tressie ilikuwa ndogo. "Nilikwenda kugeuza maandazi. Dakika mbili tu, naapa. Nimerudi, hayupo."

"Hayupo wapi? Angalia kwenye mlango wa bluu."

"Nimeangalia kote. Ametoka kwa mlango wa chumba cha kufulia. Koti lake lipo. Kofia na mkoba hakuna." Akavuta pumzi. "Kuna kibao kitandani kwake, mwanangu. Amekifuta vumbi. Kinasema nyumba inauzwa."

Loretha aliinuka na simu sikioni. Alikificha mwenyewe, kwa mikono yake. Angekiacha kwenye majani, kikapigwa picha, watu wakacheka, bibi angekuwa kitini sasa hivi. Kwa kuogopa kuchekwa alikuwa amemwekea Mama Eula mkononi jambo lilelile alilokuwa akimkinga nalo.

Alishuka ngazi akiwasukuma watu. Filimbi ya mapumziko ililia, timu ikaanza kuingia kwenye njia ya chini inayoelekea vyumbani. Askari alimzuia kwa mkono. Cleo alikwishapita, alikiona kisogo chake tu, na jina lake alilolipaza lilimezwa na tarumbeta. Radi alikuja wa mwisho. Alipomwona uso alisimama.

"Shemeji?"

"Mama ametoka. Amepotea. Hana koti. Mwambie Cleo."

Radi alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Macho yake yalijaa huruma, na Loretha aliiona huruma hiyo waziwazi, angeweza kuapa.

"Polisi umewaambia?"

"Napiga sasa. Mwambie Cleo, Tyrell."

"Nenda katafute," Radi alisema. "Nenda, dada. Niachie mimi."

*

Mji ulikuwa mtupu. Loretha aliendesha gari polepole, vioo vimeshushwa, akiita. Polisi walisema karibu wote wako uwanjani, watamtuma mmoja. Alipita relini kwanza, kwa kuwa alikumbuka mara ile. Aliteremka akatazama mtaroni kila upande, huku akijiambia asitazame maji, kisha akayatazama. Hakuona kitu. Jua lilikuwa limeanza kulegea na upepo ulikuwa na meno.

Redio ya gari ilikuwa wazi. Alitaka kuizima akashindwa, maana alikuwa akimsikiliza Cleo. Alingoja mtangazaji aseme kwamba Boykin ameonekana akitoka mbio.

"Robo ya tatu," mtangazaji alisema, "na Boykin leo ulinzi wake umesimama kama ukuta. Mngemwona kwenye mstari wa pembeni, hapepesi jicho."

Loretha alisimamisha gari katikati ya barabara. Basi ameambiwa. Ameambiwa, na amesimama palepale kwenye mstari. Hofu nyingine ikamwingia juu ya ile ya kwanza, hofu ya mtu aliyelala miaka ishirini na mitano kando ya mume asiyemjua. Alijaribu kumwonea huruma. Alijaribu kusema anafanya hivi kwa ajili ya mamake, ili wasihame. Akaendesha tena, akiita, na sauti ikamkauka.

Bwana Hatcher alikuwa barazani na redio yake na bendera ya timu. Alipomwona usoni aliizima redio.

"Bibi amepotea?"

"Umemwona?"

"Sijamwona. Ngoja nichukue koti." Akaja akaketi kando yake, mechi ikiwa imebakiza robo moja. Hakusema neno juu ya kuumizwa, hata Loretha alipomweleza habari ya kibao kitandani. Baada ya mitaa miwili aliuliza, "Anapotoka huwa anakwenda wapi?"

"Kwao. Kwenye nyumba ya zamani."

"Lakini leo ameona kibao."

Loretha akamtazama.

"Mtu akiona nyumba yake imeuzwa," mzee alisema, "si anakwenda kwenye ile mpya?"

Ndipo Loretha alipokumbuka. Kila walipohama, Georgia, na kabla yake Tennessee, na kabla yake Carolina, Mama Eula alikuwa anawahishwa na gari dogo, anawekwa barazani kwenye nyumba tupu, anangoja lori la vyombo. Mtaa wa tatu kulikuwa na nyumba moja isiyo na mtu, madirisha hayana pazia, kibao cha dalali mbele, cha kweli.

Alikuwa pale. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya saruji, kofia imenyooka kichwani, mkoba mapajani. Viatu hakuwa navyo. Nyayo zilikuwa zimechanika, na midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Loretha alipiga magoti akamzungushia koti lake, akamshika uso.

"Mama. Mama, ni mimi."

Bibi alimtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni.

"Wewe ndiye mwenye nyumba?" aliuliza. "Nisamehe kukaa kwako. Wanangu wanakuja na lori. Wamechelewa kidogo."

Kutoka upande wa chuo ulikuja mngurumo, mkubwa, wa watu elfu sitini kwa pamoja, ukaja juu ya mapaa mpaka pale. Bwana Hatcher aligeuza kichwa, kisha akautazama tena mguu wa bibi, akatoa leso yake akaufunga.

*

Daktari alikuwa amekuja na kuondoka kabla ya Cleo kufika. Baridi haikumwua, alisema, ila asubuhi ndipo watakapojua kilichobaki. Mama Eula alikuwa kwenye sofa chini ya mablanketi mawili. Mara tatu Loretha alikuwa amemwonyesha mlango wa bluu, na mara tatu bibi alikuwa ameuliza hapa ni kwa nani.

Cleo aliingia mbio, shati limelowa, Radi nyuma yake. Nje magari yalikuwa yamejaa mtaa mzima yakipiga honi, watu wakiimba jina la Radi. Cleo alipiga magoti mbele ya sofa.

"Mama."

"Lori limefika?" bibi aliuliza.

Cleo alimgeukia mkewe, na Loretha akaona kwamba uso ule haukuwa umeijua habari kwa zaidi ya nusu saa.

"Lini umeambiwa?" alimwuliza.

"Filimbi ya mwisho. Nilipokuwa nimebebwa mabegani."

Loretha alimtazama Radi. Yule mtu mkubwa alikuwa ameegemea ukuta, kofia mkononi, machozi yakimtoka.

"Habari nilikupa mkononi," Loretha alisema. "Mapumziko. Nilikwambia mwambie."

"Nilitaka, shemeji. Niliufungua mdomo mara mbili." Alijifuta kwa kiganja. "Mara zote mbili nikamwona amesimama pale, anawasoma wale watu kama kitabu. Nikajua akiondoka tumekwisha, sote, na wewe, na yeye bibi. Rais wa chuo ametupa mkataba wa miaka mitatu. Amesema mbele ya kamera. Hamhami. Mtakaa hapa miaka mitatu."

Nje mtu alipiga kelele: "Sasa tuna kocha!" Wengine wakaidaka, ikawa wimbo.

Loretha alimngoja mumewe. Alingoja ainuke, amshike Radi shati, atupe kiti, aseme jambo lolote ambalo mwana husema. Cleo alikuwa ameushika mguu wa mamake uliofungwa leso ya Bwana Hatcher. Alilikaza fundo la leso.

"Ulifanya sawa," alimwambia Radi bila kuinua kichwa. "Ningekuwa mimi, ningefanya vivyo hivyo."

Radi alishusha pumzi kama mtoto aliyesamehewa. Loretha akawatazama wote wawili, na hofu aliyokuwa nayo tangu Jumapili, aliyodhani imekwisha kwenye ile ngazi ya saruji, ikakaa sawasawa mahali pake. Siku moja angekuwa yeye. Angeanguka jikoni robo ya pili, na habari ingekunjwa vizuri ikatiwa mfukoni.

Alikwenda chumbani kwa bibi. Kibao kilikuwa bado kitandani, kimefutwa vumbi. Alipita nacho sebuleni, maandishi mbele, akafungua mlango.

Taa za magari zilimwangaza. Watu walimwona mke wa kocha akishuka ngazi na kibao chekundu, wakanyamaza, kisha wakapasuka kwa kicheko na kumpigia makofi, maana waliona hatimaye ameuelewa mzaha. Alikichomeka palepale kilipokuwa, akakikanyaga kwa mguu mpaka kikasimama. Halafu akavuka barabara, akagonga kwa Bwana Hatcher, akamwuliza kama ana maboksi ya kuhamia.